Neno Lililozidi Swali

Homa Bay, Jumapili alasiri

Mwanangu Awuor,

Umetoka kwenda kuwaaga shangazi zako, na najua hawatakuachia kabla hawajakulisha. Kwa hiyo nina saa mbili hivi za kuandika. Sitakwambia habari za kufunga sanduku, wala za kuishi na watu wa nyumba utakayopanga. Hayo umeyasikia wiki nzima, na shangazi yako mkubwa ameyarudia mpaka kuku wameyajua.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndicho tulichokulelea. Mimi Mkuria nilikuwa sijui Kijaluo, baba yako hakujua Kikuria, basi tulipendana kwa Kiswahili, na tulipogombana tuligombana kwa Kiswahili vilevile. Hili ninalotaka kukwambia nimejaribu kulisema kwa mdomo mara tatu wiki hii. Kila mara niliishia kukuuliza kama umekula.

Barua yako ya kazi inasema utakuwa mpiga taipu katika ofisi ya wafanyakazi, kiwandani kule Kisumu. Watu wanakusifu kwamba utafanya kazi umekaa kwenye kiti. Mimi nilipoisoma niliwaza mengine. Ofisi hiyo ndiyo inayopitisha barua za maonyo na za kufukuzwa, maelezo ya mtu anayeshukiwa, na vyeti vya daktari. Utajua mambo ya watu ambayo hata wake zao hawayajui. Mimi niliwahi kukaa mahali kama hapo, na nilimwumiza mtu. Sikumwumiza kwa uongo. Ingekuwa uongo ningekwisha kuutubu zamani.

Unamkumbuka baba mdogo Owino? Alikuwa mtoto wa ndugu ya babu yako. Ndiye aliyekuwa akikubeba mabegani mpaka mtoni tulipokaa kule machimboni upande wa Masara. Siku tulipomzika baba yako uliniuliza mbona baba mdogo hakuja, nikakujibu kwamba huenda hakupata habari. Ni kweli hakupata. Hakupata kwa sababu sikumpelekea. Niliona haya. Sasa nikueleze haya hiyo ilitoka wapi.

Kampuni ile ya dhahabu ilikuwa ndogo, na siku hizi imefungwa. Baba yako alifanya kazi chini shimoni. Owino alikuwa mlinzi wa ghala la baruti. Mimi nilikuwa zahanati, chumba kimoja chenye meza na kabati, chini ya dresa, mhudumu wa wagonjwa, aliyeitwa Mzee Zakayo. Nilifagia, nilichemsha sindano, na kwa kuwa nilisoma misheni mpaka darasa la sita, niliandika kitabu cha wagonjwa: jina, siku, ugonjwa, dawa. Siku ya kwanza Mzee Zakayo alinionyesha kitabu kile akaniambia, "Robi, una mkono na una mdomo. Nimekuajiri kwa ajili ya mkono."

Nilicheka. Nilidhani ni utani wa wazee.

Owino alikuwa akija kila Alhamisi saa nne asubuhi, kwa mlango wa nyuma. Mgongoni alikuwa na baka, mahali ambapo ukimchoma sindano hasikii kitu. Mzee Zakayo alikuwa amempeleka hospitali kubwa, na daktari akasema ni ukoma, ila umegunduliwa mapema. Ameze vidonge bila kukosa, utakwisha. Kazi afanye, nyumbani alale na watu wake, hamwambukizi mtu. Waliojua pale machimboni tulikuwa watatu: yeye, Mzee Zakayo na mimi niliyeandika kitabuni. Mkewe hakujua. Baba yako hakujua, ingawa mimi nilikuwa nikilala naye kitanda kimoja, na kwa hilo nilikuwa nikijisifu moyoni kwamba naweza kutunza siri.

Mwaka uliofuata Uhuru, Alhamisi moja, visanduku viwili vya fataki vilipotea ghalani. Fataki ndizo zinazolipua baruti. Si kitu cha mchezo. Mtu akipatikana nazo ni jela, na serikali mpya ilikuwa haina subira na mambo ya milipuko. Msimamizi wa ghala alisema alipita pale saa nne, akakuta Owino hayupo na mlango umerudishwa tu.

Kesho yake asubuhi Owino aliitwa ofisini akaambiwa angoje. Hakuambiwa anangojea nini. Wakati anangoja kwenye benchi, askari wa kampuni walikwenda nyumbani kwake, laini ya tatu ya nyumba za wafanyakazi, jirani na sisi. Walimtoa mkewe nje, wakapasua godoro, wakamwaga unga, wakafungua sanduku la nguo za yule mama na kuzitandaza uani moja moja, watu wakitazama. Hawakupata kitu. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni kwangu nimekubana wewe kiunoni ili usitazame, na sikusema neno.

Saa tano meneja, Mzungu, aliwakusanya watu wote uwanjani. Owino akasimamishwa mbele peke yake, karani mkuu pembeni akitafsiri.

"Jana saa nne ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa na haja yangu."

"Haja gani?"

"Haja yangu, bwana."

Alijibu hivyo mara tano, kwa sauti ileile. Na kila alipojibu niliwaona watu wakitazamana, maana kwa mtu aliyesimama nje ya shida, kunyamaza hufanana sana na kuiba. Awuor, maneno mengi yatapita chini ya vidole vyako, "mshukiwa alikataa kujibu". Uyapige taipu kama ulivyopewa, ndiyo kazi. Lakini moyoni usiyasome kama kwamba yameandikwa "mshukiwa amekiri".

Karani alitoa karatasi ya Kiingereza akamwambia aweke dole gumba. Polisi wa Migori walikuwa njiani, akasema, na karatasi ile ingemsaidia. Owino aliuliza imeandikwa nini. Karani akasema, "Wewe weka tu." Tayari alikuwa ameshamshika mkono.

Mzee Zakayo hakuwapo, alikuwa amekwenda Kisii kuchukua dawa. Nilijua niache nini na nifanye nini? Sikujua. Nilijua tu kwamba yule mtu atafungwa, nami ninajua alikokuwa. Nikapita katikati ya wanaume, nikasema, "Alikuwa zahanati. Saa nne mpaka saa nne u nusu. Mimi mwenyewe nilimwandika kitabuni."

Karani akatafsiri. Meneja akaishusha ile karatasi. Nakumbuka hilo vizuri, mwanangu, maana nimelirudia miaka yote hii: aliishusha. Akamgeukia msimamizi wa ghala kama mtu anayetaka kuuliza swali jingine. Yale niliyosema yalikuwa yametosha.

Ndipo mtu mmoja nyuma akacheka, akasema kwa sauti, "Si shemeji yake huyo? Atakosa kumtetea?" Na watu wakacheka naye.

Nilichomwa moyo. Mimi mwanamke pekee pale uwanjani, nimepata ujasiri wa kusema, halafu nachekwa kama mwongo. Nikageuka nikawaambia wote, "Huja kila Alhamisi kuchukua vidonge vya ukoma! Kitabu kipo, nendeni mkasome!"

Hakuna aliyekuwa ameniuliza ugonjwa.

Karani hakutafsiri upesi. Lakini nyuma nilisikia neno likienda kwa Kijaluo, mdomo hadi mdomo: *dhoho, dhoho*, ukoma, ukoma. Hakuna aliyekimbia. Watu walisogea kidogo tu, kila mtu hatua moja. Baba yako alikuwa mstari wa mbele. Sikumwona akiinua mguu, ila nilipotazama tena nafasi kati yake na ndugu yake ilikuwa imeongezeka.

Owino alinitazama. Hakuwa na hasira usoni. Alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka jina langu.

Polisi walipofika hawakumchukua. Meneja alinisifu, akasema, "Wewe mama nasema kweli, mzuri sana." Nilirudi nyumbani nikiwa nimejaa fahari. Baba yako usiku ule aliniambia, "Ulisema ukweli, kosa liko wapi?" Nami nilitaka sana iwe hivyo, nikakubali.

Mke wa Owino alizipata habari bombani, kwenye foleni ya maji. Mwanamke mmoja alichukua debe lake akalisogeza mbali na la yule mama, akamweleza sababu. Juma lile lile yule mama aliwachukua watoto akarudi kwao Mfangano. Alikuwa haogopi ugonjwa, nilikuja kujua baadaye. Aliumia kwamba watu mia walijua kabla yake. Wanaume wakakataa kupokea fataki kutoka mkononi mwa Owino. Choo alichoingia hakikuingiwa tena. Mwisho wa mwezi kampuni ikampa barua, anaachishwa kazi kwa ajili ya afya ya wenzake.

Mwakilishi wa chama cha wafanyakazi alikuwa safarini siku ile ya uwanjani. Aliporudi alikuja kwetu, hakukaa hata kwenye kiti.

"Mlisimama mkatazama," alimwambia baba yako. "Mtu anashtakiwa hajui shtaka. Nyumba inapekuliwa hayupo. Anashikwa dole gumba kwenye karatasi asiyoijua. Na ninyi mia mnatazama!"

"Tungefanya nini?" baba yako akauliza. "Ni kampuni yao."

"Kampuni ni yao, mtu si wao. Mngesema, ndugu yetu aambiwe kosa lake. Akae na mwenzake wa kumsikiliza. Aulizwe ndani, mlango umefungwa, si uwanjani kama mnada wa ng'ombe. Karatasi isomwe kwa lugha yake. Hata maneno hayo manne yaliwashinda?"

Alimchukua Owino wakaenda kwa afisa wa kazi wa serikali, pamoja na Mzee Zakayo na cheti cha daktari. Walihangaika karibu mwezi. Kazi hakurudishiwa. Alichopata ni barua ya meneja inayosema kwamba hakuachishwa kwa wizi. Siku alipoondoka na mkeka wake begani, mimi nilikuwa ndani nakusuka nywele, nikakusuka mara mbili ili nisitoke.

Miezi miwili baadaye msimamizi wa ghala mwenyewe alikamatwa ufukweni akiwa na jamaa zake, wanalipua samaki. Visanduku vilikuwa ndani ya mtumbwi, na alama ya kampuni juu yake. Kwa hiyo hata ule ushahidi wangu, ule wa haki, ulikuwa umemwokoa na miezi michache tu ya jela. Lile neno la pili halikumwokoa na chochote.

Kuna jambo moja zaidi katika habari hii, nalo usinipongeze kwalo. Baada ya Owino kuondoka, meneja alikuja zahanati Mzee Zakayo akiwa nje, akaniambia nilete kitabu. Alitaka kujua nani mwingine ana ugonjwa mbaya, nani ana kifua, nani anakunywa dawa gani.

"Kitabu ni cha dresa, bwana," nikasema.

"Kitabu ni ya kampuni. Juzi wewe nasema mbele ya watu yote. Leo nakataa?"

Alikuwa amesema kweli. Mlango nilikuwa nimeufungua mimi, naye alikuwa anapita tu. Nilikikalia kitabu, Awuor. Nilikiweka kwenye kiti nikakikalia, kama mtoto, mpaka Mzee Zakayo aliporudi akakifungia kabatini na funguo akazitia shingoni. Siku tatu baadaye nilipewa barua ya kufukuzwa, kwamba sikutii amri. Ndiyo sababu tukahamia Homa Bay, ndiyo sababu mama unayemjua ni mama wa kuuza samaki sokoni. Watu wakiniuliza niliacha vipi kazi ya zahanati, huwa nasema nilichoka. Ningependa nisikie fahari kwa lile la kukikalia kitabu. Lakini nilijifunza kunyamaza kwa gharama ya mtu mwingine, na mtu huyo hakuulizwa kama anataka kunisomesha.

Baba yako alipofariki nilikaa mwaka mzima, kisha nikafunga safari kwenda Magunga, huko ambako Owino alikuwa amepata shamba. Nilikuambia nakwenda kununua mtama. Nilimkuta anapalilia. Mkewe alikuwa amerudi; alikuwa amekaa Mfangano mwaka na zaidi, kisha akarudi mwenyewe na watoto. Alinipokea, akaniletea maji. Ukutani niliona vikombe vimepangwa pamoja juu ya rafu, na kimoja kimetundikwa peke yake kwenye msumari, mbali. Nilidhani ni mke aliyekitenga. Owino alipokuja kukaa alikitungua yeye mwenyewe, akakinywea, akakisuuza, akakirudisha msumarini. Mkewe akatazama pembeni. Daktari alikuwa ameshamwambia amepona, mke hakuogopa kitu, watoto hawakuogopa. Ni yeye aliyekuwa ameanza kujiogopa, na hakuanzia hospitali. Alianzia pale uwanjani.

Nilimwomba radhi. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima. Nilisema nilitaka kumwokoa.

"Najua, Min Awuor," akasema, akiniita mama Awuor kwa Kijaluo. "Nami nisingependa kufungwa. Ulivyosema nilikuwa zahanati, moyo wangu ulitulia. Nikasema, asante Mungu, shemeji amenisaidia." Akakitazama kikombe chake msumarini. "Halafu ukaendelea."

"Walinicheka."

"Walikucheka wewe. Aliyelipa ni mimi."

Hakuniambia amenisamehe. Tulizungumza habari za mvua, na za kifo cha baba yako, akalia kidogo, akaniuliza mbona hakuambiwa. Nikamwambia ukweli: niliona haya. Akasema haya ni ya aliyebaki uwanjani, na mimi nimekwisha kuja mpaka Magunga. Nimelichukua neno hilo nikakaa nalo. Sijui kama ndio msamaha.

Sasa nikwambie ninachokiogopa kwako. Siogopi kwamba utakuwa mwovu. Naogopa saa ile ambapo utajua jambo la mtu, na jambo hilo litakuwa kweli, na watu watakuwa wanakucheka, na kulisema kutakufanya uonekane mkubwa. Ukweli wa mtu ni mali yake hata ukiwa mkononi mwako. Ukilazimika kuutoa, mwulize kwanza. Na kama hakuna nafasi ya kumwuliza, toa kipande kinachomfungua, kisha ufunge mdomo hata wakikuita mwongo. Mimi sikuweza. Sisemi wewe utaweza. Nasema tu ujue saa hiyo inavyofanana, maana mimi ilinijia ikiwa imevaa nguo za wema.

Na ikiwa siku moja wewe ndiye utakayesimamishwa mbele ya meza, usione haya kuuliza umekosa nini. Usitie saini karatasi kwa sababu tu mwenye kuileta ana haraka. Sema unataka mwenzako awepo. Watakuona mkaidi. Acha wakuone. Owino alikuwa mpole siku ile, na upole wake haukumsaidia kitu.

Mwezi uliopita, barua yako ya kazi ilipofika, nilirudi Magunga. Safari hii sikusema nakwenda kununua mtama. Nilikuaga tu, nawe hukuuliza. Nilimkuta Owino anajenga boma la ng'ombe pamoja na mwanawe mkubwa. Nilimwambia kwamba unakwenda kukaa na mafaili ya watu, na kwamba nataka kukusimulia yaliyompata, kwa jina lake na kwa ugonjwa wake, lakini akikataa sitakusimulia, nitatafuta njia nyingine ya kukuaga.

Aliweka chini mti aliokuwa ameushika. Alimtuma mwanawe alete maji, akangoja mpaka kijana akaenda mbali. Nilidhani atakataa, na nilikuwa tayari.

"Mwambie," akasema. "Yote?"

"Ukikubali yote, yote."

"Basi mwambie yote. Lakini usiishie pale uwanjani. Kila anayesimulia habari yangu huishia pale. Mwambie na hili, kwamba nilipona. Mimi ni mtu aliyepona."

Nakwambia, mwanangu, kama alivyoagiza. Baba mdogo Owino alipona. Ana ng'ombe saba, mtama wake umesimama vizuri, na amesema ukipata likizo upite Magunga akuone ulivyokua.

Nasikia sauti yako kwa jirani. Nakunja barua.

Mama yako,
Robi